Je, Mti Huu Umekufa?

Bustani zetu za nyumbani hapa Kifanya zina miti mingi isiyovua majani yake. Mparachichi ni wa kijani Januari na ni wa kijani Julai. Misindano, milingoti na miwati iliyofunika vilima vya Njombe ni vivyo hivyo, na chai ya Luponde na Kibena haijui kubaki uchi. Kwa hiyo macho yetu yamezoea kusoma hivi: kijani ni uhai, na kisicho kijani ni kuni. Kisha mtu anarudi nyumbani na mche wa mtufaa, ule ambao tunda lake sokoni tunaliita epo, au mche wa pichi, plamu au peasi. Anauchimbia shimo nyuma ya jiko. Mvua za Desemba zinaukuta, unachipua, unapendeza, na mwenye nyumba anawaonyesha wageni. Mei ikifika majani yanaanza kugeuka rangi, yanakuwa ya njano na ya kahawia. Juni yanaanguka. Julai, upepo wa baridi unapopita na nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe asubuhi kwa jalidi, mche ule umebaki kama fimbo iliyochomekwa ardhini. Ndipo nyumbani panaulizwa: Je, mti huu umekufa? Na mara nyingine anayeuliza tayari ameshika panga.

Likiulizwa juu ya mti, swali hilo ni dogo. Mti ukikatwa kwa makosa, hasara yake ni mche mmoja. Lakini sisi tulio kanisani tunaliuliza pia juu ya watu, na tunalo hata neno lake. Tunasema "msharika hai". Kila mzee wa kanisa anakifahamu kikao cha usiku wa msiba. Ndugu wa marehemu wamekaa upande mmoja, viongozi upande mwingine, na daftari la washarika liko mezani. Jina lipo. Amebatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa mbele ya madhabahu. Lakini kwa miaka minne bahasha yake haina alama, na kwenye Meza ya Bwana hakuonekana. Mmoja anauliza: huyu alikuwa msharika hai? Neno "hai" linatamkwa mbele ya maiti, wala halihusu mwili wake. Tunataka kujua kama imani yake ilikufa kabla yake.

Katika insha hii sitaki kuamua kesi hiyo kwa kanuni, maana kanuni zipo na zina mahali pake. Nataka tuulize jambo lililo chini ya kanuni. Tunajuaje kwamba imani ya mtu imekufa? Kwa alama gani? Nami naomba mti wa bustanini utusaidie kufikiri. Bwana mwenyewe alitutuma kwa mti wa namna hii. Katika Marko 13 aliwaambia wanafunzi wajifunze kwa mtini, jinsi tawi lake linavyolainika na kuchipua majani wakati wa joto unapokaribia. Mtini ni mti unaopukutisha majani. Asiyewahi kuuona ukiwa mtupu hawezi kuelewa Yesu alikuwa akisema nini.

Tuanze na yale yanayotendeka ndani ya mti. Tunapoona jani linaanguka tunadhani mti umeshindwa kulishika. Sivyo. Siku zinapokuwa baridi, mtufaa huanza kurudisha ndani chakula kilichomo katika majani. Hukivuta kupitia vikonyo, ukakiweka akiba kwenye matawi, shina na mizizi. Rangi ya kijani huvunjwavunjwa, ndiyo maana njano hujitokeza. Kisha, pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti wenyewe hujenga utando mwembamba unaoliachanisha jani, na kidonda chake huzibwa ili ugonjwa usipite. Jani huanguka likiwa limekwisha kutoa sehemu kubwa ya chakula lililokuwa nacho. Mti haukunyang'anywa kitu. Umehamisha mali yake kutoka barazani kwenda chumba cha ndani.

Jambo la pili ndilo linalonishangaza zaidi. Ukilisogelea tawi la mtufaa mwezi Julai utaona vivimbe vidogo, ambavyo wakulima huviita macho. Ndani ya baadhi ya macho hayo mna maua ya msimu ujao. Hayakutengenezwa katika baridi, wala hayasubiri joto ndipo yaanze kuumbwa. Yalianza kuumbwa wakati mti ungali na majani mabichi, miezi kadhaa kabla ya jani la kwanza kudondoka. Maana yake ni kwamba mti ule mtupu tayari umebeba maepo ya mwaka kesho, ila katika umbo ambalo mpita njia hawezi kulitambua.

Na jambo la tatu: baridi si adui wa mti huu. Wataalamu wa matunda huhesabu saa za baridi, hasa zile ambazo joto liko chini ya nyuzi 7. Aina nyingi za matufaa ya Ulaya zinahitaji saa 800 hadi 1,000 na zaidi. Aina ya Anna, iliyopatikana Israeli, hutosheka na saa chache sana kuliko hizo, ndiyo maana imeenea katika nchi za joto. Mtufaa ukikosa baridi unayoihitaji, hauwi na nguvu zaidi. Unachelewa kuchipua, maua yanatoka machache na kwa kutawanyika, na matawi mengine yanabaki wazi. Mti ambao haukulala vizuri hauamki vizuri. Ndiyo maana tunda hili linapatana na nyanda za juu kama zetu, na ukilipeleka pwani linakataa.

Dunia inalijua jambo hili kwa njia nyingi. Huko Batu, katika milima ya Java nchini Indonesia, ambako hakuna baridi ya kutosha, wakulima huyapukutisha majani ya mitufaa kwa mikono yao ili mti upate kuanza upya, na hivyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Huko Kanada, nchi iliyoweka jani la mti uitwao mepo kwenye bendera yake mwaka 1965, watu hutoboa mashina ya mepo mwishoni mwa majira ya baridi, wakati mti hauna hata jani moja. Usiku maji huganda, mchana huyeyuka, na utomvu wenye sukari hutiririka. Sukari hiyo ilitengenezwa na majani yaliyokwisha kuanguka na kuoza. Hukusanya lita 40 hivi za utomvu na kuzichemsha hadi zibaki lita moja ya asali ya mti. Utamu ule umetoka kwenye mti ambao wewe na mimi tungeuhesabu kuwa kuni.

Lakini kwa nini twende mbali? Kila aliyesafiri kwa basi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam amepita Ruaha Mbuyuni wakati wa kiangazi na kuiona mibuyu imesimama mitupu, matawi yamenyooshwa juu kama mizizi. Miezi mingi ya mwaka mbuyu hauna jani. Sijapata kumsikia abiria akisema miti ile imekufa. Sote tunajua mvua itakuja nao utavaa. Tena ukiukwaruza mbuyu, chini ya gome la juu utakuta rangi ya kijani, maana hata bila majani mti ule unaendelea kupokea mwanga kupitia shina lake. Kwa hiyo si kwamba hatujui kusubiri. Tunausubiri mbuyu kwa sababu tumezoea tabia yake. Mtufaa tunaukata kwa sababu ni mgeni kwetu. Nasi kwa watu hufanya hivyohivyo: yule ambaye tunajua alikotoka na yaliyompata, tunamvumilia, yule ambaye hatukuuliza habari zake, tunamhukumu kwa majani.

Hapa mafundisho yetu ya Kilutheri yana neno la kusema. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Martin Luther alitofautisha wanateolojia wa aina mbili: wale wanaomtafuta Mungu katika utukufu na nguvu zinazoonekana, na wale wanaomtambua katika mateso na msalaba. Mungu, alifundisha, hujificha chini ya kile kinachoonekana kuwa kinyume chake. Siku ya Ijumaa Kuu hapakuwa na jani. Waliosimama pale walisoma mti wa Golgotha kama sisi tunavyosoma mtufaa wa Julai, na kwa macho ya kawaida walikuwa na haki. Luther naye hakufundisha hayo kwa kusoma tu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, naye akabaki mjini akihudumia watu. Mwaka huohuo aliugua, akaangukia huzuni na majaribu mazito ya moyo, hata akawaandikia rafiki zake akiwasihi wamwombee. Mtu ambaye tunalitaja jina lake kila tunapojitambulisha kanisa letu alipita kipindi ambacho hakuweza kujishikilia mwenyewe.

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni pingamizi la haki. Je, Bwana hakusema katika Mathayo 7 kwamba tutawatambua kwa matunda yao? Na Zaburi ya 1 haisemi juu ya mwenye haki kwamba jani lake halinyauki? Naam, yameandikwa. Lakini Zaburi hiyohiyo inasema kwamba mti ule huzaa kwa majira yake, yaani kuna majira ambayo si ya kuzaa. Tena kitabu hichohicho cha Zaburi kina sura ya 88, sala ya mtu anayelia mchana na usiku, na sala hiyo inaishia gizani bila neno la faraja. Kanisa halikuing'oa Zaburi ya 88 kwa sababu haina majani. Tumeachiwa zote mbili tuzisali. Na kuhusu matunda, ni kweli tunda hututambulisha mti ni wa aina gani. Ila hakuna mkulima anayekwenda kukagua tunda Julai, kisha akatoa hukumu.

Tena tuangalie vizuri ni mti gani Yesu aliulaani. Katika Marko 11, mtini ule uliolaaniwa haukuwa mtupu. Ulikuwa na majani mengi, ukionekana kutoka mbali, na ndani yake hapakuwa na kitu. Nimesoma Injili zote nne nikitafuta mahali ambapo Bwana anaulaani mti uliokosa majani, nami sikupaona. Hili litutafakarishe sisi tulio wa kijani mwaka mzima: sisi wenye viti vya mbele, wenye bahasha zilizojaa alama, wenye sauti nzuri katika kwaya. Majani ni mema. Lakini majani si ushahidi wa mwisho, wala wa uhai wala wa mauti.

Sisi wa Njombe tuna sababu ya pekee ya kulijua hili, na sharti niliseme wazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu ndio wenye kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI, karibu asilimia 12.7 ya watu wazima. Tuliokuwa vijana miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi mgonjwa alivyohesabiwa katika jamii. Akianza kukonda, mipango ilifanywa juu yake kana kwamba hayupo. Wapo waliogawiwa mashamba yao wakiwa bado wanapumua. Wapo watoto ambao ada yao ilisimamishwa kwa hoja kwamba hakuna haja. Mti umekufa, nani atie samadi? Kisha mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na watu wakaanza kuchipua mbele ya macho yetu. Leo wanalima viazi, wanasomesha, wanaimba, wamekuwa bibi na babu. Jambo la kuogofya si kwamba jamii iliogopa ugonjwa. La kuogofya ni jinsi ilivyokuwa na hakika. Hukumu ile ilitolewa kwa kuangalia majani tu, na wengine hawakuishi kuona ikibatilishwa.

Na kwa kuwa nimefika hapo, niongeze neno moja kwa wanaoombea wagonjwa. Kumwambia mtu aache dawa ili tuone imani yake ni sawa na kung'oa mti ili tuone kama una mizizi. Mungu anayefanya kazi kwa siri ndani ya shina ndiye huyohuyo anayefanya kazi kwa mikono ya mganga na mfamasia. Anayemeza kidonge chake kila jioni akimshukuru Mungu hajapungukiwa na imani.

Je, basi hakuna mti unaokufa? Upo. Upendo haututaki tujidanganye. Mche hushambuliwa na mchwa, huoza mizizi kwenye maji yaliyotuama, na mwaka unafika haupo tena. Kuuita mti uliokufa kwamba umelala ni uvivu unaojifunika shuka la subira. Lakini mkulima ana njia ya kujua, nayo haihitaji panga. Hukwaruza gome kwa ukucha, kidogo tu. Chini yake pakiwa pa kahawia na pakavu, hukwaruza tena chini zaidi, karibu na ardhi, kwa maana tawi laweza kufa na shina likaishi. Pakiwa pa kijani na pana unyevu, huufunika mkwaruzo na kuendelea na kazi nyingine. Kwa njia hii ni lazima usogee karibu. Mti haukwaruzwi kutoka barabarani. Ni lazima uiname, uuguse, na utumie ukucha usiojeruhi.

Kwa mtu, kukwaruza gome ni nini? Ni kwenda nyumbani kwake na kuketi. Ni kumsalimu "kamwene" bila daftari mkononi. Ni kuuliza habari za watoto, za shamba, za yule aliyezikwa mwaka juzi, na kunyamaza kiasi cha kutosha ili ajibu. Mara nyingi utakuta kijani mahali usipotazamia: Biblia iko chini ya mto ingawa haifunguliwi, wimbo unaimbwa shambani na mtu asiyekuja kuimba kanisani, au kuna hasira juu ya Mungu, nayo hasira ni alama ya uhai, maana hakuna anayemkasirikia asiyemwamini kuwa yupo. Na hata usipoona chochote cha namna hiyo, chini kabisa karibu na ardhi upo ubatizo wake. Katika Katekisimu Kubwa ya 1529 Luther anatufundisha kwamba dhambi na dhamiri zinapotubana, tujibu kwamba tumebatizwa. Hatuambiwi tujibu kwamba tunajisikia vizuri, wala kwamba tumehudhuria. Ahadi ile iliwekwa na Mungu kabla sisi hatujaweza kuonyesha jani hata moja, kama vile macho ya mtufaa yanavyowekwa kabla ya kipupwe.

Baada ya kukwaruza ndipo kazi huanza. Tuna methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu, nasi huielewa kana kwamba kuvumilia ni kukaa. Yule mtunza shamba wa mizabibu katika Luka 13 hakukaa. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akikosa tini, akaamuru mti ukatwe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja, na katika mwaka huo aliahidi kuchimba kuuzunguka na kutia samadi. Anayeomba mti usikatwe ndiye anayechukua jembe. Akiomba tu bila kuchimba, ombi lake halina uzito. Nasi tunajua kwamba kwa mtufaa kazi kubwa hufanyika wakati huohuo wa utupu: Julai ndipo tunapopogolea, kwa sababu majani hayazuii macho kuona tawi lililopinda na lile linalosuguana na jirani yake. Tunaweka samadi, tunapalilia, tunahakikisha kwamba karibu pana mtufaa wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja nao, kwa kuwa mitufaa mingi haizai vizuri ikiwa peke yake. Nyuki hawana chavua ya kuleta. Mti ukikosa mwenzake huweza kuchanua vizuri na bado usizae. Ndugu aliyelala kiimani vilevile: hahitaji hotuba kwanza. Anahitaji mwenzake wa kupandwa karibu naye.

Katika mfano huo tuone pia kwamba muda wa mwisho upo, ila haukuwekwa mkononi mwa mtunzaji. Mtunzaji anamwambia mwenye shamba kwamba, ikishindikana, yeye mwenye shamba ataukata. Hajitolei kuukata mwenyewe. Sisi wachungaji na wazee tumepewa jembe na samadi. Shoka lina mwenyewe. Kanisa lina nidhamu yake, nayo ni njema inapolenga kumrudisha mtu kundini. Tunapoiita nidhamu huku mioyoni tumekwisha kumzika mtu, tumechukua kazi ambayo hatukupewa.

Sasa niseme na wewe unayesoma haya ukiwa ndiwe mti mtupu. Huenda umefiwa, na tangu siku ile maneno ya sala yanakukauka kinywani. Huenda umechoka tu, bila sababu unayoweza kuitaja. Unaona wengine wamejaa majani, nawe unaona aibu kuja ibadani. Tazama chini ya misindano. Pale pana zulia nene la sindano zilizokauka. Msindano nao hupukutisha, ila kidogokidogo, siku hii na siku ile, hata hakuna anayeona. Mparachichi pia, hasa wakati wa kuchanua. Hakuna mti unaoshika jani lake daima. Wale unaowaonea wivu wanaanguka majani yao kwa siri. Wewe tu yameanguka yako yote kwa mara moja, na kila mtu ameona. Nabii Yeremia alipoitwa, Mungu alimwuliza anaona nini, naye akajibu kwamba anaona tawi la mlozi. Mlozi huchanua wakati baridi haijaisha, maua yakitangulia majani, na katika Kiebrania jina lake linafanana na neno la kukesha na kuangalia. Bwana akamwambia kwamba anaangalia neno lake ili alitimize. Wewe umelala, yeye hakulala. Usijilazimishe kuvaa majani ya karatasi ili watu wasiseme. Njoo ukiwa mtupu, ukae kwenye benchi, wengine waimbe kwa niaba yako mpaka msimu ubadilike.

Kuna usemi unaojulikana duniani kote kuwa ni wa Luther, wa kwamba hata kama angejua ulimwengu unaisha kesho, leo bado angepanda mtufaa. Waliochunguza maandishi yake hawakuuona humo. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana yenye usemi huo ni ya Ujerumani, mwaka 1944, katika miezi mibaya ya Vita Kuu ya Pili, wakati Wakristo walipokuwa wakitiana moyo katikati ya magofu. Kwangu mimi hilo haliupunguzii usemi thamani. Waliokuwa wakiutumia walijua mtufaa hupandwaje katika nchi yao. Hupandwa ukiwa umelala, bila majani, mara nyingi mizizi ikiwa wazi bila udongo, kijiti tu. Hawakusema habari za kupanda kitu cha kupendeza. Walisema habari za kuweka ardhini kijiti kilicho kama kimekufa, katika siku zinazofanana na mwisho, kwa sababu Mungu ni mwaminifu.

Ayubu, katika sura ya 14, anasema mti una tumaini, kwamba ukikatwa huchipuka tena kwa harufu ya maji. Kisha anaugua kwamba mwanadamu hana tumaini la namna hiyo. Sisi tumesikia alichokuwa hajasikia Ayubu. Kaburi la bustanini, asubuhi ya kwanza ya juma, limejibu swali lake. Basi kama tunakiri kila Jumapili ufufuo wa wafu, yaani wale waliokufa kweli, tutashindwaje kuwasubiri waliolala tu?

Kwa hiyo, wapendwa, ninalo ombi moja kwa sharika na mitaa yetu. Mwaka huu baridi ikiingia, wazee na walifungue daftari la washarika, waandike majina ya wale ambao hatujawaona, wasiweke alama yoyote pembeni. Wayagawane majina hayo, matatu kwa kila mzee, na kila mmoja aende kwa miguu yake kabla mitufaa haijaanza kuchanua. Asiende kudai ahadi. Aende kuketi. Na kwenye nyumba ambayo mtufaa umesimama mtupu nyuma ya jiko, amwombe mwenyeji waende wote wawili wakautazame, wakwaruze gome kidogo, waone.